Mtaa wako umebeba tani ngapi? Mwongozo wa kupima akiba na mtiririko wa vifaa vya ujenzi Mwanza

Maswali ni yale yale kila mara. Uzito wa nyumba napimaje bila kuibomoa? Mchanga nihesabu kwa tripu, kwa ndoo au kwa tani? Picha ya satelaiti inatosha, au lazima nipande mlima? Mwongozo huu ni wa anayeanza: mtendaji wa kata, mwanafunzi wa ukadiriaji majenzi, kikundi cha vijana kinachotaka kuuza vifaa vilivyotumika, au yeyote aliyepewa kazi ya kujua mtaa una nini na unatupa nini. Ukiufuata utatoka na majedwali mawili. La kwanza ni la tani za mawe, bloku, zege, chuma, mbao na bati zilizosimama mtaani. La pili ni la vinavyoingia na vinavyotoka kwa mwaka.

Maneno ya darasani ni mawili tu. Akiba ni vifaa vilivyokwisha kutua: kwenye kuta, misingi na mapaa, hata bloku zilizopangwa uani zikisubiri hela ya saruji. Mtiririko ni vifaa vinavyovuka mpaka wa mtaa katika muda uliouchagua. Chukua kilichoingia, toa kilichotoka, unapata kilichoongezeka kwenye akiba. Anayetaka vifaa virudi kwenye ujenzi badala ya kuishia korongoni lazima ajue vipo kiasi gani, vimeshikwa na nini, na vitaachiliwa lini.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tepu ya mita 30, futi ya mita 5, na kalipa ya kupimia unene wa bati na kipenyo cha nondo.
- Mpira wa maji wa fundi, ule unaoona ndani, mita 15 au zaidi. Mlimani hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote.
- Mizani ya kuning'iniza ya kilo 50 na mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu.
- Ndoo ya lita 20, karai, na jiko la mkaa.
- Simu yenye KoboCollect (programu ya kujaza fomu kwenye simu) au daftari la mistari. Daftari halizimi chaji.
- Kompyuta yenye QGIS (programu ya ramani) na programu ya majedwali.
- Barua ya utambulisho yenye muhuri.
- Watu wawili kwa kila timu. Mmoja hawezi kushika ncha zote mbili za tepu, na anayepima huku anaandika hukosea namba.

Mtaa wa nyumba mia tatu hadi mia tano huchukua wiki tatu za kazi ya nje, ukiacha hesabu za magari.

Hatua ya 1: Weka mpaka na kipindi

Chukua mtaa mmoja, si kata nzima. Tembea mpaka wake na mwenyekiti au balozi, kwa sababu mpaka wa kwenye ramani na ule wanaoujua watu mara nyingi havilingani. Kisha amua kipindi. Mwaka mzima wa Januari hadi Desemba ni bora, kwa kuwa unabeba vuli, masika na kiangazi. Andika pia kitakachohesabiwa na kisichohesabiwa: barabara, mitaro, kuta za mawe za kuzuia udongo, makaburi yaliyojengewa. Kuta za kuzuia udongo usiziache. Huko Mabatini, Igogo au Isamilo kuta hizo zina mawe mengi kupita kiasi, na hazionekani kwenye ramani yoyote ya majengo.

Hatua ya 2: Bisha hodi vizuri

Anza kwa mtendaji wa mtaa, kisha mwenyekiti, kisha balozi. Mtu mwenye tepu mlangoni huleta hofu mbili: bomoabomoa na kodi. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na wengi watadhani umekuja kuiongeza. Sema mapema kwamba huandiki jina la mwenye nyumba wala namba ya mita, na kweli usiandike. Tumia namba ya anwani ya makazi iliyobandikwa nyumbani.

Onyo: usiweke alama yoyote ukutani kwa chaki au rangi. Alama ya X kwenye ukuta wa nyumba ina maana moja tu kwa mwenye nyumba, na ukiichora hutapima tena mtaa huo.

Hatua ya 3: Pata ramani ya mapaa

Pakua michoro ya majengo ya Google Open Buildings au ya OpenStreetMap, ifungue QGIS, kata sehemu ya mtaa wako. Kabla ya kukokotoa eneo, geuza tabaka liwe kwenye mfumo wa UTM, unaopima kwa mita, kanda ya 36 Kusini, namba EPSG:32736. Ukiliacha kwenye digrii utapata namba ndogo za ajabu zisizo mita za mraba. Ukichanganya na ramani za zamani za mipango miji zilizo kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa ramani, nyumba zitahama mamia ya mita, na nyingine zitaonekana zinaelea ziwani.

Kila umbo la Open Buildings lina alama ya uhakika. Yaliyo chini ya 0.7 yakague kwa macho moja moja. Mlimani mapaa yaliyogusana huweza kusomwa kama jengo moja, na jabali linalong'aa likasomwa kama paa. Picha nazo zina umri wake, kwa hiyo nyumba iliyoezekwa majuzi haimo. Iongeze kwa mkono.

Hatua ya 4: Gawa majengo kwa aina

Aina tano au sita zinatosha:

A. Bloku, bati, msingi wa mawe, kiwanja tambarare.
B. Kama A, lakini kwenye mteremko au juu ya jabali.
C. Tofali za kuchoma.
D. Tofali mbichi, au miti na udongo.
E. Ghorofa.
F. Mabanda ya bati na mbao: vibanda, vyoo, majiko.

Pagale lipe kundi lake, P. Limeshakula vifaa lakini halina mtu, halijawa nyumba wala halijawa kifusi, na linaweza kukaa hivyo miaka kumi. Ukilichanganya na A, akiba ya bati na mbao itavimba bure. Ukiliacha, umeacha mawe na bloku nyingi.

Hatua ya 5: Chagua nyumba za kupima

Nyumba 10 kwa kila aina ni mwanzo mzuri. Zipe namba zote za kundi hilo, andika vikaratasi, tia kwenye kofia, chota 10 na akiba 3 za kuziba pale utakapokataliwa. Usichague zilizo karibu na barabara. Nyumba za barabarani ni kubwa na zina vigae, na ukipanda dakika kumi mambo hubadilika kabisa.

Hatua ya 6: Pima nyumba, na uanze na msingi

Wengi huanza na kuta kwa sababu zinaonekana. Anza chini.

Kwenye mteremko, jaza maji mpira, toa hewa yote, weka ncha moja kwenye usawa wa jamvi (zege la sakafu) upande wa juu na nyingine upande wa chini. Pima kutoka usawa huo hadi ardhini kila kona. Ongeza kina kilichofukiwa. Hicho hutakiona, kwa hiyo muulize fundi aliyejenga, kisha hakiki kwenye mapagale na misingi iliyochimbwa karibuni hapo jirani. Pagale ndilo kitabu chako: linaonyesha unene wa msingi, ukubwa wa bloku na idadi ya nondo kwenye linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), vitu ambavyo nyumba iliyopigwa plasta inavificha. Juu ya jabali mara nyingine hakuna kilichochimbwa, mawe yamekaa moja kwa moja juu ya mwamba. Liandike hilo pia.

Kisha pima haya kwa mpangilio:

1. Urefu wa kuta zote, za nje na za ndani, kwa mita.
2. Kimo cha ukuta kutoka jamvi hadi juu ya linta.
3. Unene halisi wa bloku. "Inchi 6" ya uwanja mmoja inaweza kuwa sentimita 15, ya uwanja mwingine 14. Pima bloku tatu zilizo wazi.
4. Milango na madirisha: idadi na vipimo vyake.
5. Unene wa jamvi. Kwenye kizingiti au bomba la choo huwa unaonekana.
6. Unene wa plasta, kwenye pembe ya dirisha.
7. Bati: unene kwa kalipa. Milimita 0.3 ya chuma ina kilo 2.36 kwa mita ya mraba likiwa bapa. Ukiongeza mawimbi na mapishano unafika karibu kilo 3 kwa mita ya mraba ya paa. Ukipata bati moja chini, lipime uzito na ugawe kwa eneo linalofunika. Hiyo ni bora kuliko geji iliyoandikwa.
8. Mbao: hesabu kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), pima moja, zidisha. Papi (mbao zinazopigiliwa bati) hesabu mistari.
9. Nondo: kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawa kwa 162. Jibu ni kilo kwa mita. Nondo ya 12 ni kilo 0.89, ya 8 ni 0.395.

Onyo: jengo la zamani lenye paa la saruji la kijivu, nene na la kupinda-pinda, huenda ni asbesto. Usilivunje, usilikwangue, usichukue kipande. Andika eneo lake, liweke kwenye safu yake ya hatari, na wala lisiingie kwenye vifaa vinavyoweza kurudishwa.

Hatua ya 7: Geuza vipimo kuwa tani

Uzito wa kutumia, tani kwa mita ya ujazo: ukuta wa mawe na saruji 2.4, zege 2.4, ukuta wa bloku 2.0, plasta 2.0, tofali za kuchoma 1.6 hadi 1.7, mbao ya paini 0.5, kifusi kilichoshindiliwa 1.8. Mwamba wa Mwanza ni matale, karibu 2.65 ukiwa jiwe zima. Msingi unashuka hadi 2.4 kwa sababu theluthi yake hivi ni udongo wa saruji, yaani saruji na mchanga vinavyoshika mawe.

Huu hapa mfano wa nyumba ya kundi B. Nje ni mita 9 kwa 8, yaani mita za mraba 72. Kuta zote mita 57.4. Msingi unene 0.4, kimo 0.5 upande wa juu na 1.7 upande wa chini, wastani 1.1.

- Msingi: 57.4 × 0.4 × 1.1 = mita za ujazo 25.3, tani 60.6.
- Bloku: mita za mraba 119.5 baada ya kutoa milango, madirisha na linta, unene 0.15: tani 35.9. Ni kama bloku 1,016, kwa bloku 8.5 kila mita ya mraba.
- Linta: 57.4 × 0.15 × 0.2, tani 4.1 za zege. Nondo nne za 12 na ringi za 8 kila sentimita 20: kilo 270.
- Jamvi la sentimita 10: tani 15.2. Sakafu ya juu ya sentimita 3: tani 3.8.
- Plasta pande zote, milimita 15: tani 7.9.
- Paa, mita za mraba 100 likiwa na mwinamo: bati kilo 300, mbao kilo 660.
- Milango, fremu na nondo za madirisha: kilo 400.

Jumla ni tani 129, sawa na tani 1.8 kwa mita ya mraba. Karibu nusu ya nyumba iko kwenye msingi. Sasa fanya kosa la kawaida: chukua kimo cha upande wa juu tu, 0.5. Msingi unashuka hadi tani 27.6. Tani 33 zimepotea, karibu sawa na kuta zote za bloku, kwa sababu ya kutozunguka nyuma ya nyumba.

Kifusi kilichojazwa chini ya jamvi kiweke kwenye safu ya peke yake. Kwa nyumba hii, kwa kina cha wastani cha mita 0.7, ni tani 62. Ukikijumlisha na vifaa vingine, mtaa utaonekana tajiri wa udongo.

Sasa hakiki kwa saruji. Watu husahau vipimo lakini hawasahau mifuko waliyonunua. Tumia makadirio haya kwa kila mita ya ujazo: zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mifuko 6 na kidogo, udongo wa saruji wa kujengea 1:6 mifuko 5, plasta 1:4 mifuko 7 na nusu. Bloku kadiria 30 kwa mfuko, lakini uliza uwanja wa jirani, wapo wanaovuta hadi 40 na zaidi. Nyumba ya mfano inatoka na mifuko 180 hivi. Mama mwenye nyumba akisema 170 au 200, endelea. Akisema 90, ama msingi umejengwa kwa udongo wa kawaida, ama umekosea kimo. Rudi na mpira wa maji.

Hatua ya 8: Kutoka nyumba kumi hadi mtaa

Satelaiti inaona paa, haioni ukuta. Nyumba ya mfano ina ukingo wa sentimita 60 kila upande, kwa hiyo paa lake ni 10.2 kwa 9.2, yaani mita 94 dhidi ya 72. Ukizidisha tani kwa eneo la paa umeongeza asilimia 30 hewani. Kwa kila nyumba uliyopima, gawa eneo lililozungukwa na kuta za nje kwa eneo la paa kwenye ramani, upate kigawe cha kundi. Hapa ni 0.77.

Tuseme kundi B lina mapaa yenye jumla ya mita za mraba 12,600. Mara 0.77 unapata 9,702. Wastani wa nyumba 10 ukiwa tani 1.7 kwa mita, jibu ni tani 16,500 hivi. Usiishie hapo. Kama nyumba hizo zinatofautiana kwa mchepuko (kipimo cha jinsi zinavyokaa mbali na wastani) wa 0.34, gawa kwa kipeuo cha pili cha 10, upate 0.11. Chukua mara mbili kila upande, uandike: kati ya tani 14,000 na 19,000. Atakayekuona umeandika 16,493 atajua hujapima.

Hatua ya 9: Hesabu kinachoingia

Kaa kwenye njia zote za magari zinazoingia mtaani, siku 7 mfululizo, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 1 usiku. Rudia angalau mara mbili kwa mwaka, mara moja kiangazi cha Juni hadi Septemba na mara moja mvua za vuli au masika. Njia za mlimani zisizopita gari nazo zina mizigo: guta linashusha chini, vijana wanapandisha kwa karai na mifuko. Hesabu pale gari linaposhusha, si pale mzigo unapofika, vinginevyo utahesabu mara mbili.

Kwa kila gari andika aina yake (tipa, fuso, kenta, kirikuu, guta, mkokoteni), mzigo, na kiwango cha kujaa: robo, nusu, usawa wa bodi, au kichuguu. Neno "tripu" peke yake halina maana, kwa kuwa tripu ya kenta si tripu ya fuso. Pima bodi ya gari moja la kila aina kwa tepu.

Mchanga ndio unaoangusha wengi. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Maji kama asilimia 5 yanaweza kuongeza ujazo kwa robo, kwa sababu utando wa maji unazitenganisha chembe. Mchanga mkavu hauvimbi, na uliolowa kabisa hurudi chini. Kwa hiyo ujazo wa gari haukuambii uzito mpaka ufanye hivi:

1. Hakiki ndoo. Ijaze maji hadi ukingoni, pima, toa uzito wa ndoo. Kila kilo ni lita moja. "Ndoo ya 20" nyingi zinapokea zaidi ya 20, hivyo weka alama palipo na lita 20 kamili.
2. Jaza mchanga wa kwenye gari hadi kwenye alama bila kushindilia wala kutikisa. Pima. Uzito wa mchanga mtupu mara 50 ni uzito wa mita moja ya ujazo.
3. Chukua gramu 1,000, kaanga kwenye karai juu ya jiko ukikoroga hadi zikauke. Kioo kikishikwa juu yake kisifanye ukungu. Pima tena.

Mfano: bodi ni 3.6 × 2.0 × 0.6, mita za ujazo 4.32. Ndoo imetoa kilo 26, yaani tani 1.3 kwa mita ya ujazo. Mzigo ni tani 5.6. Gramu 1,000 zimekauka hadi 940, kwa hiyo mchanga wenyewe ni tani 5.3, mengine ni maji. Aliyechukua 1.6 ya kitabuni angeandika 6.9. Hilo ni kosa la asilimia 30 kwa kila gari, na mchanga ndio unaoingia kila siku.

Kokoto na mawe fanya jaribio la ndoo pia. Kokoto hukaa karibu 1.4 hadi 1.5. Mawe makubwa hayaingii kwenye ndoo, kwa hiyo tumia 1.5 hadi 1.6 kwa rundo la kwenye gari, kwa sababu karibu asilimia 40 ya bodi ni mianya.

Kuna kitu kingine ambacho vitabu vya miji ya nchi nyingine havikisemi. Hapa mawe mengi hayaingii na gari. Yanapasuliwa mtaani humo humo, kwa moto na nyundo, na kokoto zinapondwa kwa mkono kando ya njia. Huo ni uchimbaji ndani ya mpaka, uweke kwenye safu yake. Tembelea kila eneo la wapondaji mara moja kwa wiki, pima rundo (urefu, upana, kimo), uliza ndoo au gari ngapi zimeuzwa. Usiwaulize wamelipwa kiasi gani kwanza. Anza na kazi, bei watakutajia wenyewe.

Saruji, bati na nondo zifuate dukani, lakini tahadhari: mauzo ya duka si matumizi ya mtaa. Vifaa vingi vinavyonunuliwa mjini vinapakiwa botini Mwaloni Kirumba kwenda visiwani, vinavuka Kamanga, au, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, vinapita juu kwenda Sengerema bila kungoja kivuko. Muulize muuzaji mzigo umekwenda wapi, gawa asilimia.

Hatua ya 10: Fuata kinachotoka

Zunguka mtaa mara moja kila mwezi kwa njia ile ile, ukiandika kila jengo lililobomolewa, kuezuliwa au kupunguzwa. Hapo ulizia vitu viwili: kilichokwenda kutumika tena, na kilichokwenda kujazwa. Kifusi kingi hakifiki dampo. Kinaishia kwenye korongo, kwenye mashimo ya njia, au chini ya jamvi la nyumba inayofuata. Kama kimebaki ndani ya mpaka, hakijatoka. Kimehama tu.

Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu pima kwa mizani yao, ila kwanza ihakiki kwa ndoo yako ya maji. Lita 20 za maji ni kilo 20, kisha ongeza uzito wa ndoo yenyewe.

Hatua ya 11: Andika kifungo, si uzito tu

Tani pekee haziwezi kukuambia nini kitarudi. Kwa kila nyumba uliyopima andika kilichoshikilia vifaa, maana hicho ndicho kinachoamua.

Tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo huachana zikiwa nzima, unagonga kidogo tu. Zilizojengwa kwa saruji kali hupasuka kabla ya kiungio, kwa sababu saruji ina nguvu kuliko tofali. Bloku nazo hivyo hivyo, wengi wanapata vipande vya kujazia tu. Jiwe la msingi ni kinyume chake: matale yana nguvu kuliko udongo wa saruji, kwa hiyo nyundo inang'oa saruji na jiwe linabaki zima, tayari kwa msingi mwingine. Ndiyo maana kipimo cha msingi kinastahili jasho. Ndimo uliko uzito mwingi, na ndimo hasara ya kubomoa ilipo ndogo.

Ukipata ubomoaji, fanya jaribio la mita moja ya mraba: hesabu tofali kabla, hesabu nzima baada, andika asilimia na aina ya kiungio. Kwa bati hesabu matundu ya misumari na kutu kwenye mapishano. Kwa mbao kata sentimita 15 kila ncha, kisha pima kilichobaki.

Mambo yakigoma

*Kilichoingia ni kikubwa kuliko nyumba zilizoongezeka.* Kabla ya kulaumu hesabu, angalia nyuani. Watu hujenga kidogo kidogo: mwaka huu bloku, mwakani msingi. Hesabu marundo ya bloku, mchanga na kokoto mwanzoni na mwishoni mwa mwaka, tofauti yake iingize kwenye akiba. Mara nyingi pengo linazibika hapo.

*Mchanga umezidi mno.* Kuna uwanja wa kufyatua bloku ndani ya mpaka? Kama umehesabu mchanga unaoingia uwanjani na pia bloku zinazokwenda kwenye nyumba za mtaa huo huo, umehesabu mara mbili. Hesabu mchanga na saruji vinavyoingia, na bloku zinazovuka mpaka tu.

*Nyumba ya bloku, ya chini, imetoka na tani 0.6 kwa mita.* Umesahau msingi, na pengine umegawa pia kwa eneo la paa. Ikitoka 3, umejumlisha kifusi, au futi zimeandikwa kama mita. Futi moja ni mita 0.305.

*Nyumba mbili za aina moja zinatofautiana mno.* Tazama mteremko. Kama kimo cha msingi ndicho chanzo, gawa kundi B mara mbili: msingi wa wastani chini ya mita 0.8 na juu ya 0.8.

*Mwenye nyumba amekataa kuingiliwa ndani.* Pima nje, chukua urefu wa kuta za ndani kwa uwiano wa nyumba nyingine za kundi. Kwenye mfano wetu nje ni 33.4 na ndani 24, uwiano 0.72. Weka alama kwenye safu kwamba ni makadirio.

*Mvua imenyesha katikati ya wiki ya kuhesabu.* Usiitupe wiki. Rudia jaribio la karai kwa siku za mvua, utumie uzito wa siku husika, na urudi kuhesabu wiki nyingine kavu.

*Hesabu za wahesabuji wawili wa njia moja hazifanani.* Waweke pamoja saa moja, kila mtu aandike peke yake, kisha wafungue daftari. Karibu kila mara ugomvi uko kwenye "usawa wa bodi" na "kichuguu". Pigeni picha ya kila kiwango, mbandike kwenye jalada la daftari.